Kilwa Ina Mwenyewe

Kitendawili!

Niitikie basi, useme tega. Mtegaji asipoitikiwa anaonekana kama mwendawazimu anayesema na ukuta.

Haya. Analala mlangoni kwa tajiri kila siku, na tajiri hamjui jina.

Utasema kufuli. Wote huanza na kufuli. Kufuli tajiri analijua vizuri sana, analishika asubuhi na jioni, analitikisa kama mkono wa shemeji. Utasema paka. Paka wa Kariakoo wana majina, tena mengine ya matusi. Umeshindwa? Nipe mji. Umenipa Morogoro. Ahsante, Morogoro nimeenda, nimekaribishwa, nimekula ndizi mpaka nimevimba, sasa nimerudi na jibu. Ni mtu. Ni yule anayetandika boksi kwenye baraza ya duka likishafungwa, na asubuhi anaamka kabla mwenye duka hajafika, asije akamwagiwa maji.

Ndivyo tulivyolelewa sisi watu wa pwani. Ukishindwa kitendawili unatoa mji, na aliyetega anautawala kwanza ndipo akupe jibu. Unatoa mji wowote uutakao, hata kama mwenyewe huna pa kulaza ubavu. Na mimi nimekaa na watu wasio na pa kulaza ubavu, nikawaona wakigawa miji kila alasiri kama masultani.

Palikuwa hapa hapa Kariakoo, nyuma ya Mtaa wa Sikukuu. Nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, ua nyuma wenye jiko na choo. Ilibanwa na maghorofa huku na huku, kama mtoto aliyekalishwa katikati ya watu wazima msibani. Mwenye nyumba, Mzee Mwinyimvua, alimwachia Matilda aitumie bure. Matilda ni Mchaga, ana duka la vitenge vya jumla, na alikuwa amechoka kuwaruka watu kila asubuhi anapofungua mlango. Akaanza kwa kuwapa chai. Chai ikazaa uji, uji ukazaa chumba, wenzake wa sokoni wakajiunga naye, wakakiita kikundi chao Tushikane. Waliletwa viziwi, vipofu, waliokatika viungo, na waliokuwa wazima ila hawana mahali. Wengi walikuwa na yote mawili, maana tabu moja humwita mwenzake. Mimi nilikuwa napika.

Katika hao wote nitakutajia wawili tu.

Mwanne alikuwa kipofu, makamo yangu, na mdomo wake ulifanya kazi ya macho na kubakisha. Zahoro alikuwa hana miguu. Alikuwa kuli wa kushusha mizigo, siku moja maboksi ya vigae yakaporomoka kutoka kwenye lori yakamlalia, na hospitali wakamkata juu ya magoti. Hilo alimsimulia yeyote aliyeuliza, tena kwa mzaha. "Nilikuwa naomba vigae vya nyumba yangu," alikuwa akisema, "Mungu akaniletea vyote kwa mkupuo." Alitembelea kibao chenye beringi chini, akijisukuma kwa mikono. Kutwa alikuwa barazani kwetu akitengeneza zipu na miavuli, na vijana wa mtaani wakipita, "Oya fundi, begi limegoma kufunga mdomo," naye akijibu, "Lilete, kama ni mke wako simwezi, lakini begi nitalinyamazisha."

Habari za miguu alisema. Habari za kwao hakusema. Ukimwuliza, "Zahoro, kwenu wapi?" anakwambia, "Hapa ulipokanyaga, sogea kidogo."

Alasiri kazi zikipungua tulikaa uani tukategeana. Zahoro alikuwa na vitendawili vibovu.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Ana meno juu na chini, hajawahi kula."

"Zipu!" Mwanne akaruka. "Wewe kila siku zipu. Kesho utatutegea mwavuli."

Kushindwa alishindwa makusudi. Ukimtegea kitunguu, anajikuna kichwa, anatazama juu, anasema hajui, ilimradi atoe mji. Aliutoa kwa ukarimu, na maelezo juu, kama aliponiambia mimi: "Nakupa Tanga, Bi Siwema, na machungwa yake, ila bandari usiiguse, nimemwahidi Mwanne." Ametupa Lindi, Mtwara, Bagamoyo, Pangani, Unguja na Pemba. Alimpa mama mmoja kiziwi Kigoma yote kwa ishara za mikono, ziwa likiwemo.

Kisha Mzee Mwinyimvua akafariki, Mungu amrehemu. Warithi wake wengi, na nyumba moja haikatwi kama mkate. Wakaiuza. Aliyenunua alitaka kupandisha ghorofa, maduka chini na stoo juu, kama wanavyopandisha wote. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja mwenyewe, akavua viatu mlangoni, akatuambia kwa adabu kwamba Maulidi yakipita na sisi tupite.

Matilda akazunguka mji mzima kutafuta nyumba nyingine. Wenye nyumba walimsikiliza vizuri mpaka wakisikia wapangaji ni akina nani. Mmoja akamwambia, "Dada, wateja wangu watakimbia." Mwingine alikubali, akabadilika mkewe alipokuja kutuchungulia. Matilda akarudi na viatu mkononi, akakaa kwenye kigoda changu cha jikoni. Sikuwahi kumwona Matilda amekaa.

"Shikamoo bibi," akaniambia, na alikuwa ameshaniamkia asubuhi.

"Marahaba mwanangu. Pole."

"Wenye ndugu tutawarudisha kwa ndugu. Fundi ndiye sijui nimfanyeje. Kuna makao nje ya mji wanampokea, wana kitanda. Lakini wanataka barua kutoka kwa mtendaji wa kwao. Bila kwao hakuna barua, bila barua hakuna kitanda. Mimi namwuliza kwenu wapi, ananichekesha."

Mwanne alikuwa akichambua mchicha pembeni kwa vidole. Aliendelea na majani yake. Lakini alasiri ile alimtegea Zahoro kitendawili ambacho mtoto wa chekechea angekifumbua, na Zahoro, kama kawaida yake, akashindwa.

"Nakupa Mombasa," akasema.

"Mombasa umeshanipa, nimejenga na nimepangisha," Mwanne akamjibu. "Leo nachagua mwenyewe. Nipe Kilwa."

Zahoro akainamia kazi yake. Zipu ilikuwa mkononi mwake, akaivuta mbele na nyuma, mbele na nyuma.

"Kilwa ina mwenyewe."

"Nani?"

"Chukua Tabora."

"Siitaki Tabora."

"Basi nichukue mimi unioe, tuache kugombana." Tukacheka, akajisukuma kwenda barazani.

Beringi zilipofika mbali Mwanne akaniinamia. "Shoga, huyu ametoa Lindi na Mtwara, na Rufiji ametoa na mamba wake. Kilwa anairuka kama dimbwi, tangu nimjue. Mtu hagawi kwao."

Tukamwambia Matilda. Vitenge havina kijiji visikofika, na Matilda alikuwa na mteja Kilwa Kivinje. Mteja akauliza msikitini: nani amepotelewa na mtu anayeitwa Zahoro, aliyeenda Bongo kutafuta maisha? Haikuchukua muda. Tulimficha Zahoro jambo hilo, tukiogopa asije akahama na kurudi kwenye baraza za watu. Tulikuwa na furaha kama watu wanaopanga harusi.

Aliyekuja alikuwa binti, kijana, mwembamba, amejifunga mtandio, mkononi ana mfuko wa korosho za zawadi. Akaniamkia, nikampitisha ukumbini mpaka uani, nikampa chai. Anaitwa Moza. Zahoro alikuwa chumbani, chumba cha pili kulia, na mlangoni palikuwa na pazia tu. Nilitaka binti anywe chai kwanza, apumzike, ndipo nimwite baba mtu. Ndivyo tunavyompokea mgeni. Mgeni hulishwa kwanza, maneno baadaye.

Lakini Moza maneno yalikuwa yamemjaa mpaka kooni.

"Bibi, nimekuja bila mama kujua," akaniambia. "Nimemwambia naenda kwenye maziko Kibiti."

"Kwa nini umfiche?"

"Mama ameolewa." Akashika kikombe kwa mikono miwili. "Alimngoja baba miaka, bibi. Kila gari likisimama anatoka mlangoni. Watu wakamwambia amekufa huko, wengine wakasema ana mke mwingine. Mwisho akaenda kwa kadhi, na kadhi akaamua kwamba baba ni maiti. Mama akakaa eda, hakutoka nje, hakupaka wanja, analia kama jeneza liko ukumbini. Tukamsomea baba hitma, tukachinja. Baadaye sana ndipo akaja Bwana Idrisa akamuoa. Ni mtu mzuri, ndiye aliyenisomesha. Nina wadogo zangu wawili, pacha."

Mwanne alikuwa kwenye mkeka, ameacha kutafuna.

"Sasa kama ni baba, mimi sijui," Moza akaendelea. "Nilimwuliza shehe bila kutaja jina. Akasema mume wa kwanza akitokea, kadhi ataanza upya, na wazee wataitwa. Mama ana presha. Kivinje ni ndogo, bibi, watakuja mlangoni kumtazama kama wanatazama nyangumi ufukweni. Na pacha wataitwa nini shuleni? Unajua watoto walivyo." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Lakini nikiona ni yeye nitambeba. Haki ya Mungu, nitambeba mgongoni hivi hivi mpaka stendi. Yatakayokuwa yawe."

Pazia halikutikisika. Mimi nilikuwa nimelitazama muda wote.

"Fundi!" nikaita, na sauti yangu ilitoka mbaya. "Njoo, una mgeni."

Alitoka taratibu. Beringi zilikwaruza sakafu. Alikuwa amevaa kofia yake ya kitambaa, amechana ndevu. Akasimamisha kibao mbali kidogo na mkeka, akamtazama yule binti usoni, sawasawa, kama mtu anavyomtazama mteja aliyeleta mwavuli.

"Shikamoo," Moza akasema.

"Marahaba. Unatokea wapi, binti?"

"Kilwa. Kivinje."

"Mbali. Pole na safari."

Moza akapiga magoti mbele yake, akamkagua. Alikuwa mdogo sana baba yake alipoondoka. Unaweza kukumbuka nini? Mimi baba yangu namkumbuka harufu ya tumbaku tu.

"Baba yangu alikuwa mrefu," akasema. "Mama anasema alikuwa akiinama kila mlango."

"Mimi urefu sina cha kukuonyesha," Zahoro akasema.

"Jina lako Zahoro?"

"Ndiyo. Akina Zahoro tuko wengi kama Juma."

"Wa Kilwa?"

"Wa Lindi. Kilwa nimepita tu, ndani ya basi, nimelala."

Mwanne akafungua mdomo. Nikamfinya paja. Sijui kwa nini nilimfinya. Mkono ulikwenda wenyewe.

Moza akaendelea kupiga magoti pale, anatafuta. "Una mtoto wewe?" akauliza.

"Ningekuwa na mtoto ningekuwa hapa?" Zahoro akatabasamu. "Nenda, mama. Usichelewe gari. Msalimie mama yako, mwambie… hapana, hanijui. Msalimie tu kwa heshima."

Akageuza kibao akaenda barazani. Moza akakaa chini kabisa, akalia, na nikaona ndani ya kile kilio mna huzuni na mna kitu kingine kama mzigo umeshushwa, na anakionea haya. Korosho alituachia. Matilda akampeleka stendi.

Nilikwenda barazani. Zahoro alikuwa ameshika begi la mtu na anatafuta tundu la sindano, analikosa, analikosa tena. Watu wanapita, toroli zinapita, mwenye spika anatangaza sabuni.

"Zahoro," nikasema, "yule mtoto si wako?"

Akalamba uzi. Akauchongoa kwa vidole.

"Nakuuliza mimi kama mama yako. Yule mtoto si wako?"

"Bi Siwema," akasema, "tega kitendawili."

Sikuwa na kitendawili. Maisha yangu yote sijakosa kitendawili, siku ile nilitafuta kichwani nikakuta pamefagiliwa. Nikakaa naye mpaka adhana.

Matilda alimbembeleza. Akamwambia, "Sema Kilwa tu, fundi, hata kwa ajili ya barua. Kitanda kiko pale, kinakungoja." Zahoro akamwambia barua ya Kilwa lazima iandikwe na mtendaji wa Kilwa, na mtendaji atauliza nani huyo, na Kivinje itakuwa imejua kabla wino haujakauka. Hapo alikuwa kama anazungumza habari za mtu mwingine. "Andika Lindi," akasema. Matilda akajaribu Lindi. Lindi wakasema hawamjui, na walisema kweli.

Maulidi yakapita.

Wakaanza kuondoka, mmoja mmoja. Mama kiziwi alichukuliwa na kaka yake wa Kigamboni. Mwanne alifuatwa na mtoto wa dada yake, kijana nadhifu, mcheshi, na alikuja amebeba kiti cha plastiki na bakuli jipya. Mwanne akakipapasa kile kiti, akalipapasa bakuli, akaelewa atakaa wapi na atafanya nini kuanzia kesho. "Taa za barabarani za wapi, mwanangu?" akamwuliza. Yule kijana akacheka, akasema, "Mama mkubwa nawe!" Mwanne akanikumbatia. "Shoga, angalau kiti kina mgongo," akaniambia. Matilda alitaka kumzuia. Lakini azuie ampeleke wapi?

Mimi mwenyewe nina chumba kimoja, kwa mwanangu Abubakary, nalala na wajukuu wawili kitandani na mmoja chini. Nilimwomba Abubakary. Akaniambia, "Mama, tazama." Nikatazama. Palikuwa hapana pa kuongeza hata ndoo.

Vijana wa kubomoa walianza na bati. Waliliteremsha lote kwa siku moja, jua likaingia vyumbani ambako halijawahi kuingia, likaonyesha misumari tuliyokuwa tunatundikia nguo. Zahoro alikuwa bado barazani na sindano yake. Kijana mmoja akamwambia kwa upole, "Mzee, sogea, tutakuangushia," akasogea. Wakabomoa alipokuwa, akasogea tena. Nilikwenda jikoni kwangu kuchukua sufuria la mwisho, niliporudi hakuwepo.

Nilimtafuta kwenye baraza zote ninazozijua. Matilda naye aliuliza maduka yote. Wengine wakasema amepita, anaelekea mjini. Mvua ikaanza, ile ya vuli, inayokuja bila kubisha hodi. Kila ikinyesha nilikuwa naamka kitandani kwa wajukuu wangu na kukaa.

Nilimpata Mnazi Mmoja, asubuhi, jua limeshapanda, ameegemea uzio karibu na wauza miwa. Nilimpita kwanza. Alikuwa amekonda, kofia haipo, na alikuwa amekalia kipande cha boksi, chini, kwenye ardhi yenyewe.

"Kibao kiko wapi?"

"Wamekiiba." Midomo ilikuwa imempasuka. "Wameniibia miguu mara ya pili, Bi Siwema. Mimi sasa nimezoea."

Nikamgusa paji la uso. Alikuwa anawaka. Kisiki cha kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa na inzi. Nikampigia Matilda, akasema anakuja na bajaji, tumpeleke hospitali, lakini njia zimefungwa, nimngoje. Nilikuwa na uji kwenye chupa. Nikamnywesha kwa mfuniko, kidogo kidogo. Mama mmoja aliyekuwa anapita akatuangushia sarafu, akanipa na mimi yangu. Zahoro akamshukuru kwa niaba yetu.

Nilikuwa na maneno ya kumfikishia, na nilikuwa nimeyabeba siku nyingi. Sikutaka kumfikishia mgonjwa. Lakini nikamtazama, nikaogopa kesho.

"Yule binti amempigia Matilda," nikasema. "Halali. Anasema alikutazama vizuri, na sasa kila akifumba macho anakuona. Hataki kitu kingine, anataka neno moja. Akiambiwa ndiye, atapanda gari leo hii. Akiambiwa siye, basi atamsomea baba yake dua kwa mara ya mwisho, na hatamtafuta tena. Matilda ameniambia nikuulize wewe. Nimjibu nini?"

Muuza miwa alikuwa anakamua, mashine inalia. Zahoro akangoja imalize. Akashika mfuniko wa uji kwa mikono yake miwili, kama alivyoshika Moza kile kikombe cha chai, akaumaliza wote, akanirudishia.

"Ni mwanangu," akasema. "Mwambie asome hiyo dua."